Wiki ya Mwisho ya Kuandika Wake

Mume wangu alichagua wakati mbaya wa kufa. Homa ilimchukua kwa siku nne, wiki tano tu kabla ya sheria mpya kuanza kazi, na mpaka leo, nikiwa bibi kizee mwenye miwani, sijui kama ninamlilia au ninamlaumu. Angekufa baada ya mwaka mpya, mimi ningerudi kwetu Kazimia kwa mama yangu. Alikufa kabla, nikabaki Baraka.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Karani wa baraza aliisoma sokoni, kwanza kwa Kifaransa ili tuone kwamba anakijua, kisha kwa Kiswahili ili tuogope. Kuanzia mwaka mpya mwanamume hataoa tena mke wa pili. Waliokuwa na wake wengi tayari wangebaki nao, ila sharti wawe wameandikwa katika kitabu cha ndoa cha baraza. Mwanamke ambaye jina lake halimo, na mume wake ana mwingine aliyemtangulia, huyo si mke wa mtu. Karani akakunja karatasi yake, watu wakarudi kupima ndagala, dagaa wa ziwani.

Wiki ya mwisho ya mwaka, Baraka nzima ilichanganyikiwa. Wanaume ambao miaka yote hawakujisumbua kuandikisha mke hata mmoja walipanga mstari mbele ya biro, ofisi ya karani, tangu alfajiri, kila mmoja na wake zake nyuma yake. Mmoja aliulizwa jina la baba wa mke wake wa pili, akageuka kumwuliza mwenyewe, naye mke akakataa kumwambia kwa sababu walikuwa wamegombana njiani. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa baadaye. Nilikuwa ndani ya nyumba ya mama mkwe, nimekaa matanga.

Lazima nieleze matanga yale, maana humo ndimo nilimopotelea. Katika ukoo ule mjane alikaa chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, na hakuzungumza na mtu yeyote wa nje mpaka matanga yavunjwe. Mgeni akija na pole, au na swali, aliyemjibu alikuwa dada wa marehemu. Walimwita mdomo wa mjane. Wifi yangu aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nikitaka maji, yeye ndiye aliyejua kwamba nina kiu. Watu wakiuliza kama nimelala, yeye ndiye aliyejua kwamba nimelala vizuri, hata kama usiku mzima nilikuwa nikihesabu fito za paa.

Siku mbili kabla ya mwaka kwisha, karani alikuja nyumbani. Mama mkwe ndiye aliyemwita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuwa na mtoto, na mwanawe alikuwa amelala kaburini bila mtu wa kubeba jina lake. Desturi ilikuwa na dawa ya hilo: ndugu wa marehemu humchukua mjane, na mtoto wa kwanza atakayezaliwa huhesabiwa wa marehemu. Ila ndugu mwenyewe alikuwa na mke tayari. Wakingoja matanga yaishe, mwaka utakuwa umegeuka na mlango wa sheria umefungwa. Kwa hiyo hawakungoja.

Karani aliketi kwenye kiti kidogo nje ya mlango, kitabu juu ya mapaja. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka hapo. Niliona viatu vyake.

“Huyu mama anakubali kuwa bibi ya ndugu ya bwana yake?” aliuliza.

“Anakubali,” wifi yangu alisema.

“Kwa roho yake mwenyewe?”

“Kwa roho yake. Anafurahi hata.”

Karani akaandika. Simsingizii mtu huyo. Alimwuliza mdomo wa mjane, mdomo ukamjibu, na kwa watu wa pale hilo lilikuwa jibu kamili, halina kasoro. Ninayemkasirikia ni yule msichana wa kwenye mkeka. Alikuwa na koo, alikuwa na ulimi, alikuwa amesoma miaka mitatu kwa wamisioni na alijua kusoma hata kile kilichokuwa kikiandikwa. Angepiga kelele moja tu. Lakini mjane akipiga kelele kwenye matanga, watasema amemlaani marehemu, na mimi nilimpenda mume wangu. Nikanyamaza. Mpaka nitakapofunga kitabu hiki cha kumbukumbu sitaacha kumtukana msichana yule.

Basi nikawa mke wa shemeji yangu. Tena, ajabu ya mambo, yeye naye hakunitaka. Alikuwa kapita wa pamba, mtu wa kutembea vijiji mchana kutwa akikagua mashamba ya watu na kurudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Matanga yalipovunjwa alikuja kwenye nyumba yangu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia mkononi.

“Mi sikuomba hii,” aliniambia. “Mama yangu njo alipanga.”

“Basi uniache niende kwetu.”

“Buku imekwisha kuandikwa. We uko bibi yangu mbele ya Serikali. Nitasema nini?”

Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonitesa. Mwanaume mbaya unaweza kumkimbia na watu wakakuelewa. Huyu alinijengea jiko, akanikatia shamba la muhogo, akawa anabisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Alikuja kwangu kila baada ya siku tatu, kama walivyompangia, na alipokuja hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na neno la kusema. Mke wake mkubwa alitusikiliza kupitia ukuta wa fito. Asubuhi yake alikuwa akitwanga kwa nguvu hata kama hakuna kitu ndani ya kinu.

Mwezi wa nne nilitoroka. Nilipanda mtumbwi wa wachuuzi wa samaki, nikakaa kati ya vikapu mpaka Kazimia. Mama yangu alinipokea bila kuuliza. Alinipa jembe, tukaenda shambani. Nilikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili polisi wa sekta alikuja akaomba karatasi yangu ya ruhusa ya kuhama. Sikuwa nayo. Ili niipate ilinipasa niende na mume wangu, na mume wangu alikuwa yule wa kitabuni. Polisi alinirudisha Baraka kwa mtumbwi uleule, na njia nzima mchuuzi mwenye mtumbwi alinitania kwamba mimi ni samaki asiyeuzika. Nilitamani kumtosa ziwani.

Aliyenisaidia baada ya hapo alikuwa yule mke mkubwa. Msidhani alinionea huruma. Aliniambia waziwazi, akichambua sombe, majani ya muhogo:

“Mi sikupendi, we hunipendi. Enda kwa baraza, useme kama hutaki. Nitakupatia hata kuku ya kulipa karani.”

Nikaenda, na kuku wake kwapani. Wazee waamuzi walikuwa watatu, wameketi nyuma ya meza ndefu. Waliniuliza maswali ya kawaida. Anakupiga? Hapana. Anakunyima chakula? Hapana. Amekukatalia nguo? Hapana. Walitazamana. Mwanamke anayelalamika kwamba amelishwa na amevikwa hawakuwa wamemwona bado. Nikasema kwamba sikukubali kuandikwa, kwamba aliyejibu alikuwa wifi yangu. Hapo mwamuzi wa katikati, mzee mwenye sauti ya chini, alisimamisha kikao na kunipeleka nje, nyuma ya baraza.

“Mutoto yangu,” alisema, “unajua ulisema nini pale? Ulisema karani aliandika bibi mwenye hakujibu. Muzungu wa teritware, mukubwa wa Serikali kule Fizi, akisikia vile, atapasula karatasi nzima. Majina yote ya juma ile. Unajua nani na nani iko ku karatasi yako?”

Nilijibu kwamba sijui.

“Mama wa mapacha iko. Juu ya jina yako, palepale. Bwana yake atamurudisha ku buku? We mwenyewe unamujua yule mwanaume.”

Nilirudi nyumbani na kuku. Mke mkubwa alinitazama, akamtazama kuku, akamrudisha bandani.

Mama wa mapacha alikuwa jirani yetu. Mapacha wenyewe walikufa hata kabla ya kuota meno, lakini heshima ya kuwazaa haikufa, watu wote walimwita hivyo. Alikuwa mke wa tatu wa fundi wa matofali, kwa miaka zaidi ya ishirini, na mumewe hakuwahi kumwandikisha mpaka wiki ile ya vurugu. Fundi alikuwa na mke mpya kijana aliyemwandikisha kwanza, na kila mtu alijua kwamba akipata sababu ya kumtoa mama wa mapacha nyumbani mwake hatangoja jua lizame. Binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali. Watu wa kwao kule Kilembwe walikuwa wamekwisha. Wakati wa matanga yangu, wakati wifi yangu alipokuwa akisema nimeshiba, mama huyu ndiye aliyepenyeza bukari, ugali wetu wa muhogo, na samaki chini ya mlango wa nyuma, bila kusema kitu, kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo nilikaa. Kila nilipofikiria kurudi baraza, niliona vyungu vyake vimetupwa njiani. Mtaniuliza, na mimi ninajiuliza: kwa nini hukwenda kumwuliza yeye? Nyumba zetu zilitenganishwa na mstari wa migomba tu. Lakini mimi nilikuwa mtoto mbele yake. Mtoto hamwulizi mtu mzima habari za ndoa yake. Angeniona sina adabu, na mama yangu huko Kazimia angesikia na kuona aibu. Tulizungumza habari za sombe, za mvua, za panya wanaokula muhogo. Nilimpenda mno, nikamtunzia heshima yake, na sikumwuliza kitu.

Kiangazi cha mwaka uliofuata habari ikafika kwamba mzungu wa teritware ameona majina mengi mno ya wiki moja. Alitaka wanawake wote walioandikwa wiki ile wapande Fizi, pamoja na waume zao, kila mwanamke ajibu mwenyewe. Nilipoisikia nilicheka peke yangu jikoni, cheko baya. Sasa ndipo wanauliza.

Tulitembea siku mbili kupanda. Wanaume walitangulia na fimbo zao, sisi tulifuata na mizigo yao. Usiku tulilala kwenye nyumba ya wageni ya kijiji kimoja njiani. Baridi ya milimani ilinipata, mama wa mapacha akanifunika kitenge chake cha pili. Siku ya pili, karibu na Fizi, alipunguza mwendo mpaka tukabaki nyuma sisi wawili. Alitazama mbele tu.

“Kesho batakuuliza,” alisema. “We sema yako. Mi niko na yangu.”

Nilifikiri ananiaga. Nilifikiri amesikia habari ya baraza, ya ukurasa, ya mwamuzi, na sasa ananiruhusu nimwangamize, kwa sababu ni mtu mkubwa na hataki kumbebesha mtoto mzigo. Nilitaka kumwuliza, “Yako ni nini, mama?” Maneno hayo manne nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikasema, “Ndiyo, mama.”

Usiku wa pili sikulala. Nilijua wazi kilichokuwa mbele yangu. Nikisema hapana, nakwenda Kazimia, na yeye analala njiani. Nikisema ndiyo, yeye anabaki na jiko lake, na mimi nabaki na yule mtu mwema mwenye vumbi mpaka mmoja wetu afe. Niliwaza hivi na vile, na kila upande nilikuta ukuta.

Asubuhi walituweka mstari mbele ya biro ya Fizi. Mzungu alikaa barazani, meza mbele yake, kalamu mbili: ya wino mweusi na ya wino mwekundu. Alikuwa kijana, ana mafua, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kwa kutoa amri. Karani wetu alisimama pembeni, jasho linamtoka na baridi yote ile. Walikuwa wanaita kutoka chini ya ukurasa kwenda juu, sijui kwa nini. Mimi nikaitwa kabla ya mama wa mapacha.

“Huyu iko bwana yako?”

Shemeji yangu alikuwa amesimama kando yangu, kofia mkononi. Naapa alikuwa akiniombea niseme hapana. Niliona vidole vyake vikiikamua ile kofia.

“Iko bwana yangu,” nilisema.

“Ulikubali mwenyewe?”

“Nilikubali.”

Alipiga muhuri. Shemeji yangu akashusha pumzi, akavaa kofia, akaenda kusimama mbali nami. Polisi akanisukuma kando, nikasimama chini ya upenu. Nilikuwa na huzuni, lakini nisiseme uongo, nilikuwa pia na kiburi kidogo. Nilijiona mtu mkubwa.

“Mama wa mapacha,” karani aliita.

Alipanda ngazi polepole. Mumewe fundi alisimama kando yake, mikono nyuma.

“Huyu iko bwana yako?”

“Hapana,” alisema mama wa mapacha.

Mzungu akainua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Fundi alianza kusema kitu, polisi akamnyamazisha.

“Miaka ishirini nilikuwa kwake,” aliendelea, sauti ileile aliyotumia kuzungumzia panya. “Siku ya buku alijibu yeye. Mi hakuna mutu aliniuliza. Sasa umeniuliza. Sitaki.”

Mzungu alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina lake, mstari mmoja, mfupi. Hakupasua ukurasa. Hakumwuliza karani chochote. Akapenga kamasi, akaita jina linalofuata, na mwanamke aliyefuata akasema ndiyo, akapigiwa muhuri, na aliyefuata vilevile. Mpaka leo sijui kama mwamuzi wa sauti ya chini alinidanganya au aliogopa kweli.

Mama wa mapacha alishuka ngazi akija moja kwa moja kwangu. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kuyaona meno yake ya ndani.

“Na we?” aliuliza. “Ulimwambia nini? Sikusikia, nilikuwa nyuma.”

“Nilisema iko bwana yangu.”

Cheko likaondoka. “Juu ya nini?”

“Juu yako, mama. Balisema nikikataa, batapasula karatasi, utafukuzwa.”

Aliketi chini, kwenye vumbi la biro ya Serikali.

“Nani alikuomba?” alisema. “Mutoto yangu, nani alikuomba?”

Nilikimbia ngazini. Polisi akanizuia kwa fimbo. Nilimwambia kwamba nimekosea, nataka kujibu tena. Aliniambia kwamba anayesema mambo mawili mbele ya Serikali anafungwa, na akaniuliza kama ninataka kufungwa. Nilipiga kelele basi, kelele ile niliyopaswa kupiga kwenye mkeka, na mzungu akauliza kuna nini, na karani akamjibu haraka kwa Kifaransa. Mzungu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Shemeji yangu alikuja akanishika mkono, kwa upole wake uleule, akanipeleka kwenye mizigo.

Mama wa mapacha alipewa karatasi ya ruhusa siku hiyohiyo, kwa kuwa hakuwa mke wa mtu tena. Tuliporudi Baraka alikusanya vyungu vyake mwenyewe, akaja mlangoni kwangu.

“Sina kwetu,” alisema. “Mama yako angali Kazimia?”

Nilimwambia angali. Nilimwelekeza nyumba, njia ya kutoka bandarini, mti wa kukatia kushoto. Nilimwambia amsalimie. Akaondoka na mtumbwi wa wachuuzi wa samaki.

Mwaka wa pili baada ya hapo nilijifungua mvulana, wakampa jina la marehemu kama walivyotaka. Mama yangu alikuja kumwona mjukuu. Alimpakata, akamnusa shingo, akasema anafanana na babu yake. Kisha, tulipokuwa tunakula, aliniambia:

“Yule mama mwenye ulinitumia iko mutu muzuri sana. Tunalima pamoja, tunalala nyumba moja. Aksanti.”

“Alikuelezea mambo ya Fizi?”

“Alilia tu, hakunielezea. Lakini bachuuzi ya samaki njo balisema. Balisema muzungu alikuuliza, na we mwenyewe ulijibu kama unapenda kubakia.” Alimega bukari, akaichovya polepole. “Basi nikaacha kukungojea.”

Nilimwongezea sombe kwenye sahani, nikamwambia ale kabla haijapoa.